Anapiga au anatengeneza? Kuielewa kazi ya mpiga piano kijana wa muziki wa klasiki wa zama hizi

Wiki chache zilizopita, video ya dakika mbili iliingia katika kundi la WhatsApp la kwaya ninayoifundisha hapa Mwanza na kuzua ubishi uliodumu siku tatu. Katika video hiyo kuna piano kubwa nyeusi iliyofunuliwa mfuniko. Msichana amesimama ubavuni mwa piano, mahali ambapo kwa kawaida hasimami mtu, ameinama na kuingiza mikono ndani, anazipapasa nyaya kwa ncha za vidole, na mara nyingine anazikwaruza kwa kucha kufuata urefu wake. Mwenzake amekaa kwenye kiti cha mpigaji, mguu wa kulia juu ya pedali, mikono magotini, hagusi kitufe hata kimoja. Sauti inayotoka inafanana na upepo wa usiku unaopenya kati ya mawe ya Capri Point. Chini ya video yameandikwa maneno yanayomtambulisha msichana huyo kuwa ni mpiga piano kijana wa muziki wa klasiki wa kisasa.

Swali la kwanza lilitoka kwa mzee mmoja wa sauti ya besi: “Mwalimu, huyu anapiga au anatengeneza?” La pili lilifuata kabla sijajibu: “Na huyo aliyekaa, naye analipwa?”

Nilipousoma ubishi ule tangu mwanzo niligundua kwamba nusu yake ilitokana na maneno yenyewe, kwa hiyo heri tuanze na maneno. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, “klasiki” ni wimbo wowote uliozeeka bila kuchuja. Watangazaji wa redio huita klasiki hata nyimbo za Bongo Fleva za miaka ishirini iliyopita, na zile za dansi wakazipa jina lao la zilipendwa. “Muziki wa kisasa” nao, kwa Mtanzania wa kawaida, ni kila kitu kisichokuwa ngoma ya asili: dansi, Bongo Fleva, singeli. Mtu anayekutana na maneno “klasiki wa kisasa” yakiwa yameshikana mkono ana haki ya kushangaa, kama ambavyo angeshangaa kuambiwa juu ya mzee mchanga.

Katika fani yenyewe maneno hayo yana maana nyingine. Klasiki, kwa maana pana, ni utamaduni wa muziki uliokulia Ulaya, ambamo mtunzi anaandika kila sauti kwa nota na mtu mwingine anaisoma karatasi ile na kuigeuza tena kuwa sauti. Wasomi wana maana finyu zaidi, ya muziki wa takribani mwaka 1750 hadi 1820, zama za Haydn na Mozart, lakini hiyo tunaweza kuiacha darasani. Muziki wa klasiki wa zama hizi ni kazi zinazotungwa katika utamaduni huohuo wa kuandika, na watu walio hai au waliofariki si muda mrefu uliopita. Wengi huhesabu kuanzia mwisho wa Vita Kuu ya Pili mwaka 1945, ingawa mizizi yake ni ya mwanzoni mwa karne ya ishirini. Kwa ufupi, ni tawi changa la mti wa zamani, na mpiga piano tunayemzungumzia ni mtu aliyejifunza mti mzima kisha akachagua kukaa kwenye tawi hilo.

Chanzo cha pili cha ubishi ni chombo. Wanakwaya wangu wengi wanaifahamu kibodi, ile inayochomekwa kwenye umeme na kukunjwa miguu yake baada ya ibada, na kibodi ukiifungua utakuta ubao wa saketi na waya za rangi, hakuna cha kupapasa. Piano ni mashine ya namna nyingine kabisa. Iligunduliwa na fundi wa Kiitaliano, Bartolomeo Cristofori, mjini Florence, kwenye mwaka 1700 hivi, na kanuni yake haijabadilika: ukibonyeza kitufe, nyundo ndogo iliyovikwa sufu inaruka na kugonga nyaya, na kipande kingine cha sufu kinachozizuia nyaya hizo kinanyanyuka ili zilie. Piano ya leo ina vitufe 88, vyeupe 52 na vyeusi 36, na nyaya zinazokaribia 230, zilizovutwa kwa nguvu ambayo kwa jumla yake hukaribia tani 20, yaani mzigo wa Fuso mbili, na ndiyo sababu ndani yake kuna fremu nzito ya chuma. Pedali ya kulia hunyanyua vizuizi vyote vya sufu kwa pamoja. Ukiikanyaga na kuishikilia, nyaya zote huwa huru, na ukigusa mmoja, nyingine huitikia kwa mbali.

Hapo ndipo kazi ya yule aliyekaa inapoeleweka. Kipande kilichokuwa kikipigwa katika video, nilivyokitambua, ni “The Banshee” cha Mmarekani Henry Cowell, na kinahitaji watu wawili kwa sababu aliyesimama ubavuni hawezi kuifikia pedali. Bila mguu wa yule wa pili, kila mkwaruzo ungekufa papo hapo kama sauti ya gitaa lililoshikwa kwa kiganja. Banshee ni mzuka wa kike katika simulizi za Waayalandi, ambaye kilio chake hutangulia msiba. Cowell, aliyekuwa na asili ya huko, alitaka piano ilie kilio hicho, akaona nyundo haziwezi.

Jambo lililowanyamazisha wanakwaya wangu kuliko yote lilikuwa mwaka. Kipande hicho kilitungwa mwaka 1925. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, kwa hiyo huo “mchezo wa vijana wa siku hizi”, kama mmoja alivyouita, una umri mkubwa kuliko stesheni yetu.

Basi, kazi ya kijana wa namna hii inatofautianaje na ya mpiga piano mwingine wa klasiki? Tofauti kubwa, kwa maoni yangu, haiko kwenye kupapasa nyaya, jambo ambalo hutokea katika sehemu ndogo tu ya muziki wa zama hizi. Ipo kwenye ukweli kwamba mtunzi anaweza kuwa hai. Bach alifariki mwaka 1750, Beethoven mwaka 1827, Chopin mwaka 1849. Anayepiga kazi zao anafanya kazi kama fundi cherehani aliyeletewa suti ya marehemu na kuambiwa ashone nyingine inayofanana nayo: ana mfano, ana picha, ana mafundi mia waliomtangulia, na hakuna atakayekuja kumwambia kwamba mkono umekuwa mfupi isipokuwa watu wanaoikumbuka ile ya kwanza. Anayepiga muziki wa zama hizi amesimama na mteja mwenyewe, mteja ana mchoro kichwani wa nguo ambayo haijawahi kuvaliwa na mtu, na fundi ndiye anayepaswa kusema: mzee, hapa kitambaa hakitakubali.

Na hilo ndilo hutokea. Mtunzi anaandika mkupuo wa sauti sita kwa mkono wa kushoto. Mpigaji anajaribu, anamwonesha kwamba kiganja cha binadamu hakifiki, na kwamba sauti ya chini ikitangulia kidogo huku pedali imekanyagwa, msikilizaji atasikia zote sita. Mtunzi anafuta, anaandika upya. Kabla ya muziki wenyewe, nota nyingi za siku hizi hutanguliwa na kurasa kadhaa za maelekezo zinazoeleza alama ambazo mtunzi amezibuni kwa ajili ya kazi hiyo moja: alama hii ni kugonga ubao kwa fundo la kidole, ile ni kubonyeza kitufe polepole hadi chini bila sauti kutoka. Kijana anaweza kutumia miezi kuzisoma, kuzijaribu na kuzizoesha vidole, kisha kazi ikapigwa mara moja tu, ikawa uzinduzi na maziko ni siku hiyohiyo. Sijui kazi nyingine ya muziki inayodai uvumilivu wa aina hiyo.

Nilipowaeleza wanakwaya jambo hili nilitegemea washangae, lakini mwenyekiti wetu aliniuliza, kwa upole wa kuniaibisha, ni wapi tofauti na sisi. Alikuwa na haki. Kwaya za Kanda ya Ziwa zinaimba watunzi walio hai mwaka mzima. Wimbo mpya wa Noeli unafika Novemba ukiwa picha ya karatasi kwenye simu, umeandikwa kwa solfa, d, r, m, na mistari ya besi imefifia; mwalimu anampigia mtunzi kumuuliza kama pale ukurasa wa pili besi ni la au ni so, na mtunzi anajibu akiwa ndani ya daladala kwamba ni la, tena kwamba tenori wasipande haraka. Mwalimu wa kwaya wa Mwanza, bila kujua, anaishi karibu zaidi na mpiga piano wa zama hizi kuliko na bingwa wa mashindano ya Warsaw, ambako tangu mwaka 1927 vijana hukutanishwa, siku hizi kila baada ya miaka mitano, wapige kazi za Chopin peke yake.

Wasukuma wangeweza kwenda mbali zaidi. Katika ngoma za mashindano, Bagika wanapokutana na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yanayoshindana, baada ya mavuno, mshindi ni yule anayevuta umati mkubwa kwenye uwanja wake, na hakuna umati unaovutwa kwa wimbo wa mwaka juzi. Manju, au ningi kama anavyoitwa Kisukuma, anatakiwa aje na utunzi mpya, na wachezaji waje na jambo ambalo halijaonekana: nyoka shingoni, nungunungu, mtindo wa kuanguka chini ambao upande wa pili haukuutegemea. Aliyewahi kusimama Bujora, pale Kisesa, wakati wa sikukuu ya Bulabo mwezi Juni, akaona watu wakihama kundi moja kwenda lingine kwa sababu ya kionjo kipya, hawezi kusema kwamba haelewi kwa nini mtu aingize mikono ndani ya piano.

Njia ya kufikia kazi hiyo ni ndefu, na hapa ndipo uvumi mmoja unahitaji kuondolewa mapema: kwamba kijana huchagua muziki wa zama hizi kwa sababu ule wa zamani umemshinda. Mambo ni kinyume. Mtoto huanza kati ya miaka mitano na saba, mara nyingi kwa mitihani ya ngazi nane kama ile inayosimamiwa na bodi iliyoanzishwa London mwaka 1889 na ambayo hufanyika hata huku Afrika Mashariki. Kisha huingia chuo cha muziki, na huko hakuna mlango wa nyuma unaompitisha pembeni ya Bach na Beethoven. Ni baada ya vidole kukubali mambo hayo ndipo anapoweza kukabiliana na nota ambazo watunzi wa leo wameziandika wakijua kabisa mpigaji wa sasa anaweza nini.

Mifano miwili inatosha kuonesha jinsi maisha hayo yanavyoanza. Yvonne Loriod, aliyezaliwa Ufaransa mwaka 1924, alikuwa mwanafunzi jijini Paris wakati wa vita. Mwaka 1941 aliingia darasani mwalimu mpya aliyekuwa ametoka kwenye kambi ya wafungwa wa vita, Olivier Messiaen. Mwalimu alisikia msichana huyo anavyopiga, akaanza kuandika mambo ambayo asingethubutu kuyaandika kama asingekuwepo mtu wa kuyapiga. Mwaka 1944 alimwandikia mkusanyiko wa vipande ishirini vya tafakuri juu ya Mtoto Yesu, unaochukua kama saa mbili kuupiga wote, na Machi 1945 Loriod aliuzindua akiwa na miaka 21. Muziki uliomjengea jina ulikuwa umetungwa kwa vipimo vya mikono yake. Baadaye walioana, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mfaransa mwingine, Pierre-Laurent Aimard, aliyezaliwa mwaka 1957, alishinda mwaka 1973 mashindano yaliyobeba jina la Messiaen huyohuyo. Mwaka 1976 mtunzi na kiongozi wa okestra Pierre Boulez alianzisha jijini Paris kikundi cha kudumu cha muziki wa zama hizi, Ensemble intercontemporain, na akamchukua Aimard, kijana wa miaka 19, kuwa mpiga piano wake. Alikaa humo miaka 18. Hilo si jambo dogo, kwa maana ajira yenye mshahara wa mwezi katika muziki huu ni adimu kama sangara wa kilo mia. Wengi hupita kwenye kozi za kiangazi za Darmstadt, Ujerumani, ambako tangu mwaka 1946 watunzi na wapigaji vijana hukutana na kufahamiana, au kwenye chuo kidogo cha Ensemble Modern cha Frankfurt, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1980 na kinachoendeshwa na wanamuziki wenyewe kama ushirika. Kinachotafutwa huko, zaidi ya cheti, ni watunzi wa rika lako. Anayekula nawe chakula cha mchana leo ndiye atakayekuandikia kazi baada ya miaka mitano.

Sasa tuuguse muziki wenyewe, kwa sababu lalamiko kubwa zaidi kundini lilikuwa kwamba “hauna tyuni”. Kila mwanakwaya anajua do ni nyumbani. Wimbo unaweza kwenda fa, ukapanda so, ukazunguka la, lakini masikio yanasubiri urudi, kama watu waliosimama mwaloni wakisubiri mitumbwi alfajiri. Mwanzoni mwa karne ya ishirini baadhi ya watunzi, akiwemo Arnold Schoenberg wa Vienna katika vipande vyake vya piano vya mwaka 1909, waliandika muziki usioahidi kurudi. Sauti zote kumi na mbili, vitufe vyeupe saba na vyeusi vitano, zikawa na haki sawa, na hakuna iliyoitwa nyumbani. Anayesikiliza huku akisubiri do atachoka, naye ana sababu ya kuchoka. Anayesikiliza kama anavyolitazama ziwa akiwa juu ya jiwe, wimbi baada ya wimbi bila kungoja la mwisho, huanza kuona mambo. Hata hivyo si kila muziki wa zama hizi uko hivyo. Mwingine una do iliyo wazi kabisa, na mwingine una mdundo wa kuchezeka.

Mdundo ndio unaotufikisha kwenye uvumi ambao mimi naupiga vita zaidi ya mwingine wowote, kwamba muziki huu ni wa Wazungu peke yao na kijana Mwafrika anayeupiga ameuacha wake. Mwaka 1940, huko Seattle, Marekani, mtunzi John Cage aliombwa atunge muziki wa kumsindikiza mcheza dansi Syvilla Fort katika dansi yenye sura ya Kiafrika. Alitaka kundi la ngoma, lakini ukumbi ulikuwa mdogo na palikuwa na piano moja tu. Akachomeka vitu kati ya nyaya, na piano ikageuka kuwa kundi la ngoma la mtu mmoja. Mbinu hiyo, ambayo leo ni sehemu ya kawaida ya kazi ya mpiga piano wa zama hizi, ilizaliwa kwa kuitafuta sauti ya Afrika.

Mfano wa pili uko karibu zaidi na ziwa letu. Kuanzia mwaka 1985 hadi 2001, mtunzi Mhungaria György Ligeti aliandika mazoezi kumi na nane ya piano, ambayo leo ni mtihani wa kila kijana wa fani hii, na baadhi yake aliyatunga kwa ajili ya Aimard. Kabla ya kuyaandika alikuwa amesikiliza rekodi za muziki wa Afrika ya Kati zilizokusanywa na mtafiti Simha Arom, naye hakuficha deni hilo. Katika zoezi la kwanza, mkono wa kulia unapiga vitufe vyeupe tu na wa kushoto vyeusi tu. Mikono inaanza pamoja, mikazo ikiangukia mahali pamoja. Halafu mkono wa kulia unaanza kupunguza kipigo kimoja hapa na kimoja pale. Ni kama watu wawili waliotoka Makoroboi wakitembea bega kwa bega na mmoja wao akawa anafupisha hatua: baada ya dakika moja miguu haikanyagi pamoja tena, lakini wote bado wanatembea.

Anayetaka kuielewa kanuni hiyo bila piano avuke ziwa aende Buganda, akaione amadinda, marimba yenye vibao kumi na viwili. Wapigaji wawili hukaa wakitazamana. Wa kwanza anapiga mfululizo wake, wa pili anachomeka wake katika nafasi zilizo kati ya vipigo vya mwenzake, na wa tatu anaokota sauti fulani na kuzirudia kwenye vibao viwili vya juu. Kasi ikiongezeka, sikio husikia nyimbo ambazo hakuna hata mmoja wao anayezipiga. Kilichokuwa kazi ya watu watatu, Ligeti alikidai kutoka kwa ubongo mmoja na vidole kumi. Wapo pia Waafrika walioiandikia piano kwa mtazamo wao wenyewe: Mnaijeria Akin Euba alijenga hoja nzima juu ya namna ya Kiafrika ya kuipiga piano, na Mghana J. H. Kwabena Nketia akaandika vipande vya kufundishia kwa mtazamo huo.

Uvumi mwingine nitaupita haraka. “Hata mtoto wangu anaweza” husemwa na watu ambao hawajamwomba mtoto wao arudie alichokifanya vilevile mara ya pili. Mpiga piano anarudia, kwa sababu kimeandikwa. “Akikosea nani atajua?” Mtunzi atajua, naye amekaa safu ya mbele. Na kile kipande maarufu cha Cage kisicho na sauti hata moja, ambacho mpiga piano David Tudor alikizindua katika jimbo la New York tarehe 29 Agosti 1952 kwa kufunga mfuniko wa vitufe, kukaa kimya dakika nne na sekunde thelathini na tatu zilizogawanywa sehemu tatu, kisha akaondoka, hakiwezi kutumiwa kuuhukumu muziki wote wa zama hizi, kama vile mtu asivyoihukumu misa kwa dakika ya kimya baada ya komunyo. Ingawa, tukisema kweli, dakika hiyo ya kimya ina watu wanaoipenda kuliko mahubiri.

Kuhusu fedha, jibu fupi ni kwamba wachache wanaishi vizuri na wengi wanaishi kwa kuunganisha vipande: malipo ya onesho, kufundisha, ruzuku za mifuko ya sanaa, kurekodi. Kazi mpya huagizwa, na mtunzi hulipwa na ukumbi, redio au mfuko wa sanaa. Mpigaji mara nyingi ndiye aliyezunguka kutafuta mlipaji, kisha naye hulipwa kwa kuipiga. Gharama zake pia ni kubwa kuliko za mwenzake wa Chopin. Nota za Bach ni mali ya wote, lakini nchi nyingi za Ulaya hulinda haki ya mtunzi miaka 70 baada ya kifo chake, kwa hiyo nota za Messiaen, aliyefariki mwaka 1992, zitanunuliwa hadi mwisho wa 2062. Kumbi nazo husita kuweka kazi za zama hizi pekee kwenye programu, ndiyo maana vijana wengi huchanganya: Bach kwanza, kazi mpya katikati, Debussy mwishoni, mfano wa mama anayeficha dawa ndani ya uji. Binafsi siupendi mpango huo, lakini nauelewa.

Je, kijana wa Mwanza anaweza? Kikwazo cha kwanza ni piano. Unyevu wa ziwa na vipindi vya mvua huufanya ubao uvimbe na kusinyaa, nyaya zikalegea, na chombo kinachohitaji kurekebishwa sauti angalau mara mbili kwa mwaka kikakaa miaka kikisubiri fundi kutoka mbali. Cha pili ni kusoma: aliyelelewa na solfa anaweza kuimba chochote, ila nota za mistari mitano ni lazima azijifunze upya, na mapema. Sikio, ambalo ndilo gumu zaidi kulipata, analo tayari.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda na kijana anayetupigia kinanda hadi kwenye ukumbi mmoja wenye piano ya zamani ya kusimama, iliyoegemezwa ukutani na kufunikwa kitambaa cha meza. Tuliomba ruhusa, tukaondoa ubao wa mbele, vumbi likatupiga chafya. Alichukua kifutio cha penseli, akakibana taratibu kati ya nyaya za sauti moja ya katikati, akabonyeza kitufe. Ilitoka sauti fupi, kavu, yenye mbao ndani yake, na mtoto wa mlinzi aliyekuwa akituchungulia mlangoni akasema, “Hiyo ni marimba.” Kijana akahamisha kifutio kwenye nyaya za jirani, akajaribu tena, akacheka peke yake. Kisha akatumbukiza mkono kwenye nyaya nene za kushoto, akakwaruza kwa ukucha, na sauti ikafa hapohapo.

“Mwalimu,” akaniambia bila kugeuka, “naomba ukae unikanyagie pedali.”

Nikakaa, nikaweka mikono magotini.